Orodha Ilishafungwa

Mzee Hassan alizikwa kabla sijafika. Binti yake Amina alinipigia simu asubuhi nikiwa namimina chai, na nilipoteremka mjini Machakos adhuhuri na fimbo yangu nyeupe, wanaume walikuwa wamesharudi kutoka makaburini. Desturi yao naijua, sikumlaumu mtu. Nikaketishwa kwenye mkeka katika chumba chenye harufu ya udi na iliki, nikanawishwa mikono, nikawekewa sahani ya wali mapajani. Wanawake wakaendelea kuzungumza Kisomali kwa sauti ya chini. Katika duka lililopakana na nyumba mtu alikuwa ameacha redio ikisema. Msomi mmoja alikuwa akieleza, kwa Kiswahili kizuri kisicho na haraka, kwamba watu wa leo tunalalamika bure. Ukichukua idadi ya wanaouawa kwa vita na vurugu, alisema, ukaipima kwa wingi wa watu waliopo duniani, utaona kwamba dunia haijapata kuwa na amani kama ya siku hizi. Mtangazaji akamuuliza kama ana hakika. Akajibu kwamba takwimu hazina hasira wala huruma, ndiyo maana anaziamini.

"Niizime, shangazi?" Amina akaniuliza.

"Iache. Baba yako angetaka kumsikia mpaka mwisho."

Na kweli angemsikia mpaka mwisho, mkono mmoja ukiwa juu ya goti, kisha angeanza maswali. Mimi na Hassan tulikutana mwaka wa 1999, katika chuo kimoja cha Machakos ambako watu wazima waliopoteza macho hufundishwa kuishi upya. Nilikaa pale mwaka mmoja tu. Nimeishi miaka mingi tangu hapo, nimefanya kazi, nimezaa, nimezika, lakini nikiulizwa ni lini nilipata kuwa mtu huyu niliye leo, nataja mwaka ule. Siku ile, juu ya mkeka wa Amina, nikiwa na wali uliopoa mapajani, niliamua kuuandika.

Habari za ukoo wangu nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na sita, jina langu Ndinda, na nilikuwa nikipiga taipu katika ofisi moja ya ghorofa ya tatu Nairobi, asubuhi ile ya Agosti 1998, ya mlipuko wa bomu ubalozini. Watu husahau kwamba milio ilikuwa miwili. Wa kwanza ulikuwa mdogo, kama gurudumu la lori kupasuka. Tukaacha mashine, tukaenda dirishani kuangalia kuna nini. Wa pili ukatukuta pale pale, nyuso zetu zikiwa karibu na kioo. Wengi niliowakuta chuoni kutokana na siku ile walikuwa na hadithi hiyo hiyo, ofisi tofauti, dirisha tofauti. Waliozoea kazi zao kiasi cha kutoinuka walibaki na macho. Sisi wenye kutaka kujua ndio tulioadhibiwa. Nilishonwa kichwa na shingo, nikawekewa damu za watu nisiowajua, na baada ya miezi ya hospitali nikapelekwa Machakos mwezi wa Januari na begi moja, nikishikwa mkono kama mtoto.

Bweni letu lilikuwa na vyumba vya vitanda viwili viwili. Chumba chetu nilikijua kwanza kwa baridi ya sakafu, kisha kwa harufu ya ngozi iliyokuwa ikitoka karakana ya viatu upande wa pili, kisha kwa sauti ya aliyekuwa kitanda cha ukutani. "Karibu. Mimi naitwa Wambui. Kabati iko kushoto, lakini mlango wake unauma, weka kidole mbali." Alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu, mzaliwa wa Matuu kule Yatta, ambako wazazi wake walihamia kulima kutoka Murang'a. Alikuwa karani wa mapokezi katika jengo la mtaa wa pili kutoka letu. Kioo kilichomkuta kilikuwa kikubwa kuliko changu. Macho yote mawili yaliondolewa, na nyuma ya jicho la kulia kikabaki kipande ambacho madaktari walisema kukitoa ni hatari kuliko kukiacha. Vipande vingine vidogo vilikuwa bado vinatoka vyenyewe mwilini, kimoja baada ya mwezi, kingine baada ya miwili. Tungekuwa tumekaa vitandani mchana tukijifunza kusoma nukta za wasioona kwa vidole, naye angesema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ndinda, kingine kimetoka." Angekifunga kwenye karatasi akakipeleka chooni mwenyewe, ili mtu asikikanyage.

Chakula tulikula katika ukumbi mrefu wenye mwangwi. Mpishi alipita akitaja mahali pa kila kitu kwa saa, kana kwamba sahani ni uso wa saa: "Muthokoi iko saa sita, kabeji saa tatu, kuna kipande cha nyama saa tisa." Mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, siku tano kwa wiki. Wale waliozaliwa bila kuona walikula haraka na kucheka. Sisi wa mlipuko tulikuwa kumi na kitu, tulikula polepole, tukisikiliza. Kwenye ukumbi ule ndipo nilipomsikia Hassan kwa mara ya kwanza, au niseme nilisikia nafasi iliyomzunguka. Alikuwa mfanyabiashara wa mifugo pale mjini. Asubuhi ile alikuwa ametoka benki Nairobi, yuko barabarani kwa miguu. Meza yake ilikuwa na viti sita na sauti moja. Mutua, aliyekuwa kondakta wa basi, alisema bila kujificha kwamba yeye hawezi kula na hawa watu.

"Watu gani?" Wambui akauliza.

"Wewe unajua."

"Sijui. Mimi sioni. Wewe umeonaje?"

Watu wawili watatu wakacheka. Nikasikia kiti cha Wambui kikiburuzwa, sahani yake ikigonga meza ya Hassan. Akamwambia, "Mzee, mimi niko na chumvi. Wewe uko na pilipili?" Hassan akajibu kwamba pilipili iko. Kisha akasema, si kwa Wambui peke yake bali kwa ukumbi mzima, na wala hakupaza sauti: "Hiyo bomu haikuniuliza dini." Kesho yake nami nilihamia meza ile. Nisijisifu, sikuhama kwa ushujaa. Nilihama kwa sababu sikutaka kula bila Wambui. Mutua hakuwahi kuomba msamaha na Hassan hakuudai, ila kufikia mwezi wa nne Mutua alikuwa anampitishia sukari bila kuombwa.

Simwiti yule msomi wa redioni mwongo. Nimelifikiria neno lake siku nyingi sasa na naamini hesabu yake ni sahihi. Lakini nafikiria pia mkono ulionishona. Kama ningekatwa shingo vile wakati wa babu yangu, ningekufa kabla ya jioni na ningekuwa mmoja katika idadi ya waliouawa. Kwa kuwa kulikuwa na damu ya akiba, nyuzi na dawa, niliishi. Kwa hiyo daktari yule, Mungu ambariki, aliniondoa kwenye hesabu ya vita na kuniingiza kwenye hesabu ya amani. Waliotaka kuniua hawakuwa wapole kuliko watu wa zamani. Walinikosa kidogo tu, na kukoswa kwangu kunatajwa leo kama ushahidi kwamba binadamu ameendelea.

Kuna siku moja ya mwezi wa tano ambayo ningependa kumpa msomi yule aipime. Tulikuwa katika chakula cha mchana. Upande wa vilima kulikuwa na machimbo ya mawe, na siku ile, kwa mara ya kwanza tangu tufike, walipasua mwamba kwa baruti. Mlio ulikuwa mdogo, kama gurudumu la lori. Nilichojua baadaye ni kwamba nilikuwa chini ya meza, shavu langu likiwa kwenye mchuzi wa maharagwe wa mtu mwingine, na kwamba kila mmoja wetu wa mlipuko alikuwa chini vilevile. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo ndilo lililowaogofya wengine, nilivyoambiwa, ule ukimya. Tulikuwa tunangoja mlio wa pili. Mtu mzima mmoja alikuwa amejikojolea, na mkojo ule ukanifikia kiganjani. Mpishi akasema kutoka mlangoni, "Ni mawe. Wanavunja mawe tu, jameni." Hatukutoka. Ndipo Mwalimu Kioko, mwalimu wetu wa nukta, mzee mkali aliyezaliwa bila kuona na ambaye hakuwa na simile na mwanafunzi mvivu, akapiga magoti na kuingia chini ya meza zetu, moja baada ya nyingine. Alimgusa kila mmoja bega na kumwita kwa jina. Aliponifikia akasema, "Ndinda, hapa ni Machakos. Ni saa saba. Chakula chako kinapoa." Alifanya hivyo mara kumi na kitu. Siku ile hakufa mtu. Kwa hesabu yoyote utakayotumia, ilikuwa siku ya amani kamili.

Mwezi wa Agosti ulipofika tukapelekwa Nairobi kwa basi la chuo, kwa ibada ya kumbukumbu katika kanisa moja. Tulivaa nguo zetu nzuri, tukiulizana rangi. Kulikuwa na kwaya na hotuba, kisha wakasoma majina ya waliokufa. Yalisomwa vizuri, polepole, na kila baada ya jina kadhaa nilisikia mtu akivunjika mahali fulani nyuma yetu. Idadi ikatajwa tena na tena, watu wakiitamka kwa uzito, kama anwani ya mahali ambapo msiba wote unaishi. Majeruhi tuliombewa kwa jumla, kwa sentensi moja. Sikukasirika. Waliokufa walistahili majina yao. Wambui alikuwa ameketi kulia kwangu, ameshika mkono wangu kwa nguvu isiyo ya kawaida mpaka jina la mwisho, ndipo akalegeza.

"Ulikuwa na mtu humo?" nikamnong'oneza.

"Hapana. Nilikuwa nasikiliza kama watataja langu."

Nikafikiri anatania, kama alivyozoea. Nikangoja acheke.

"Ile asubuhi kulikuwa na msichana hapo kwa dawati," akasema. "Amevaa viatu mpya. Alikuwa anapenda kuangalia watu wakiingia. Nilidhani watamtaja."

Tukarudi kwa basi lile lile. Hassan, kwenye kiti cha mbele yetu, alinyoosha mkono nyuma akampa Wambui tende mbili, naye akazila.

Maumivu ya kichwa yalimwanza mwezi wa Oktoba. Mwanzoni aliyaita mafua. Kufikia Novemba alikuwa akiamka alfajiri na kukaa sakafuni, mgongo kwenye ukuta wa baridi, kwa sababu alisema baridi inasaidia. Asubuhi moja nilimwita, akanijibu kwa Kikuyu, lugha ambayo hakuwahi kuitumia nami, na nilipomgusa shingo ilikuwa ngumu kama ubao, tena ina moto. Tulimpeleka hospitali. Waliomtibu walijitahidi, nilikuwepo, niliwasikia wakikimbia. Siku ya tatu alikufa, mchana, mvua ikinyesha kwenye mabati kiasi kwamba muuguzi alirudia neno lile mara mbili ndipo nikalisikia. Cheti kiliandika homa ya uti wa mgongo. Nilimuuliza daktari kama ni kile kipande nyuma ya jicho. Alikuwa mwanamume mchovu na mkweli. "Inawezekana sana," akasema. "Huenda ndicho kilichofungua njia. Lakini kilichomuua ni homa, na ndicho ninachoweza kuandika."

Ikatokea kwamba wiki ile ile afisa aliyekuwa akija kuangalia mambo yetu, kijana kutoka ofisi moja ya Nairobi, alikuwa chuoni. Hassan akanitafuta karakana. "Twende kwake," akasema. "Wambui aingizwe kwa ile orodha. Aliuawa na ile kitu." Tukashikana, kipofu na kipofu, tukafuata ukuta mpaka ofisi ya mkuu wa chuo, ambako afisa alikuwa amepewa meza. Kijana alikuwa na adabu. Alitupa viti, alitupa pole, na nilimsikia akiweka kalamu chini ili atusikilize. Hassan akaeleza yote, tangu kioo mpaka shingo. Aliposema tunachotaka, kijana akavuta pumzi.

"Mzee wangu, orodha ilishafungwa."

"Ilifungwa lini?"

"Zamani. Ripoti ilienda. Kila mahali wanatumia ile idadi."

"Sasa nyinyi mlifunga," Hassan akasema, "na kile kioo kilikuwa bado kinafanya kazi."

"Naelewa. Lakini cheti kinasema homa. Na tukianza kuongeza, kila mtu ataleta wake. Huyu alikufa na presha, huyu alijinyonga, huyu mama alikufa kwa huzuni ya mtoto wake. Tutafika wapi?"

"Walete," Hassan akasema. "Wote walete. Mtafika mahali ambapo ni kweli."

Nikasikia mvua, na mtu akisogeza mikebe nje. Kijana akaniambia mimi, kana kwamba mimi ndiye mpole, "Dada, mimi si mtu mbaya. Sina uwezo nayo." Nilimwamini. Mpaka leo namwamini. Nimekutana na watu wengi kama yeye, waliokabidhiwa namba ya kuilinda, na ni wachache waliokuwa wabaya. Lakini tulipotoka pale, Hassan, ambaye sikuwahi kumsikia akilalamika tangu siku ya kwanza, alisimama kwenye ukuta wa veranda na kulia kwa muda mrefu, bila kujificha, maana hakujua nani yuko pale wa kumwona.

Jumamosi tukaenda kumzika Matuu. Chuo kilitoa basi, na Mutua ndiye aliyemshika Hassan mkono kutoka barabarani mpaka nyumbani. Sitaeleza mazishi. Joto lilikuwa kali, udongo ulikuwa mgumu, majembe yalilia. Baada ya watu kula, mama yake Wambui akatuma mtu aniite jikoni. Nilikuwa nikiliogopa jambo hilo tangu asubuhi, kwa sababu kabla hatujakwenda kwa afisa nilikuwa nimempigia simu nikimwahidi kwamba binti yake ataandikwa pamoja na wengine, na jina lake litasomwa kila mwaka. Jikoni kulinukia moshi na mbaazi mbichi. Alikuwa akibambua, nikisikia mbaazi zikidondoka kwenye karai. Nikaketi kwenye kigoda na kumwambia moja kwa moja: tulikwenda, wamekataa, orodha ilishafungwa.

Mbaazi ziliendelea kudondoka.

"Hiyo orodha ni ya nini?" akauliza.

"Ya waliokufa, mama. Ndiyo hutumika kujua ile siku ilikuwa mbaya kiasi gani."

"Na hii miezi yote yenye alikuwa hai, iko kwa orodha gani?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia nadhani haiko kwenye orodha yoyote.

Akaacha kubambua. "Mimi nilikuja huko mara mbili tu," akasema. "Nilimkuta ameketi kwa kitanda, amegeuza uso kwa mlango, ananingoja kama mtoto mdogo. Nikashindwa kuuliza kitu. Nilimwachia ndizi nikarudi nikilia njia yote. Sijui alikuwa anafanya nini mchana. Sijui kama alikuwa na mtu wa kuongea. Watu wamekuja hapa kwangu wiki nzima kuniuliza alikufaje. Hakuna mtu ameniambia aliishi namna gani. Wewe na yeye mlilala chumba moja. Niambie."

"Nianzie wapi, mama?"

"Popote."

Nikafikiri kidogo. Nikamwambia jinsi Wambui alivyofundishwa kufuma, na kwamba sweta yake ya kwanza ilikuwa na mkono mmoja mrefu kuliko mwingine kwa karibu shubiri nzima. Alimpa Mwalimu Kioko kwa utani. Mwalimu akaivaa darasani wiki mbili, mkono mmoja umekunjwa, na alipoambiwa na matroni wa bweni letu, aliyekuwa anaona, kwamba inachekesha, alijibu kwamba hapa hakuna wa kucheka kwa sababu hakuna anayeona, na matroni kama haipendi afumbe macho. Wambui alicheka siku ile mpaka akapata kwikwi. Mama yake akacheka pia, cheko fupi lililomtoka bila ruhusa, kisha akapenga makamasi kwenye leso.

"Ilikuwa ya rangi gani?" akauliza.

Nilikuwa nimeishika sweta ile mara nyingi, niliijua kila fundo lililokosewa, nilijua harufu ya sufu yake ikilowa. "Sijui, mama," nikasema. "Hakuna kati yetu aliyejua."

Nje wanawake walikuwa wakiosha sufuria na kuziegemeza kwenye ukuta.

"Ilikuwa ya kijani," akasema mwishowe, na mbaazi zikaanza tena kudondoka. "Alikuwa anapenda kijani. Endelea."